SOMO LA JIKONI: PAI YA NYAMA YA NG'OMBE ILIYOPIKWA POLEPOLE



Katika familia nyingi zinazosoma kurasa hizi, nyama haionekani mezani kila juma. Chakula cha kawaida ni maharagwe, unga, mafuta kidogo na chumvi. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe hununuliwa kwa sababu maalum: Krismasi, harusi, mgeni aliyetoka mbali, au mtoto aliyefaulu mtihani. Kwa hiyo kilo hiyo ikiharibika hakuna ya pili. Ikipikwa kwa haraka inakuwa ngumu, watoto wanatafuna na kutema, wazee wasio na meno wanabaki na mchuzi tu. Ikilazwa vibaya usiku kucha inaumiza matumbo ya nyumba nzima. Na kama ilinunuliwa kwa pesa za kikundi ili ipikwe na kuuzwa, hasara inaingia katika nyumba za watu kumi.

Lengo la somo hili ni kuonyesha jinsi kilo moja ya nyama ngumu inavyoweza kuwa pai 20 laini, zenye kushibisha, bila friji na bila tanuri. Linawahusu waliokimbia Kongo na kukaa hapa, kama wale wa kambi ya Kinama huko Gasorwe, Muyinga, iliyofunguliwa mwaka 2002. Linawahusu pia Warundi waliohama ndani ya nchi yao na kukaa katika makao ya Bugendana tangu vita vya miaka ya 1990. Tutaligawa katika sehemu sita. Akina baba na vijana wasiruke ukurasa huu, kwa maana kazi ya kuchunga moto si ya akina mama peke yao.

1. PAI NI NINI, NA IMETOKA WAPI?

Tunaposema pai tuna maana ya chakula kilichofungwa ndani ya unga uliokandwa, kisha kikaokwa au kukaangwa. Jambo hilo si geni kwetu. Sambusa ni ndugu yake. Jina sambusa lina asili ya Kiajemi, na msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika habari za chakula cha namna hiyo alichokiona Delhi, huko India. Sambusa imefuata wafanyabiashara hadi pwani yetu, kutoka pwani ikaingia bara, na leo unaikuta Bujumbura, Uvira na Gitega kana kwamba ilizaliwa hapo.

Kuna pia habari ya watu wa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Wengi wao walikuwa wachimba madini. Walibeba mgodini pai iliyokunjwa kwa mkono, ndani yake nyama ya ng'ombe, viazi na vitunguu. Katika miaka ya 1820 baadhi yao walisafiri hadi Mexico kufanya kazi katika migodi ya fedha ya Real del Monte. Pai yao ilibaki huko hata baada ya migodi yao kupungua nguvu. Mpaka leo watu wa mji huo wanaipika na kuiuza, nao wameongeza pilipili na viungo vya nchi yao. Watu waliokwenda mbali na kwao walileta kitu ambacho wenyeji wamekipenda hata wakakifanya chao. Nasi tunaweza kukumbuka hilo tunapokaa ugenini.

Tena kuna jambo la faraja kwa mwenye nyama kidogo. Tangu mwaka 2011 jina la pai ya Cornwall linalindwa kwa sheria ya Ulaya, na sheria hiyo inadai nyama isipungue asilimia 12.5 ya pai. Maana yake ni sehemu moja kati ya nane. Kama pai yenye sifa hiyo inakubalika kwa nyama kiasi hicho, basi mama anayeongeza viazi na karoti hana sababu ya kuona haya.

2. NYAMA: KWA NINI POLEPOLE?

Wengi hutafuta nyama laini, ambayo bei yake ni kubwa. Kwa pai, nunua ile ngumu: shingo, kidari, bega au muundi wa mguu. Hizo ni sehemu za mnyama zilizofanya kazi. Kati ya nyuzi za nyama hiyo kuna kano na ngozi nyembamba nyeupe. Ngozi hizo ndizo zinazofanya nyama iwe ngumu, lakini zikikaa katika joto la maji kwa saa mbili au tatu huyeyuka zikawa ule utelezi unaogandisha mchuzi ukipoa. Utelezi huo ndio unaofanya ndani ya pai kuwe na unyevu na ladha. Nyama laini haina hazina hiyo. Ukiipika muda mrefu inakauka tu.

Wengine wanafikiri moto mkubwa utafanya kazi hiyo upesi. Sivyo. Maji yakishachemka, hata ukiongeza kuni kumi joto lake halipandi tena. Yanakwisha tu kwa mvuke. Na nyama inayorukaruka katika maji makali hukaza nyuzi zake, ikatoa maji yake yote, ikabaki kama kamba. Joto linalofaa ni lile ambalo unaona povu dogo likitoka upande mmoja wa sufuria, kisha linatulia, kisha linatoka tena. Esau aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa sababu ya njaa yenye haraka. Jikoni nako haraka ina bei yake, na sisi tunailipa kwa kuni.

Hapa kuna jambo ambalo wengi waliotoka kando ya ziwa wameliona bila kujua sababu yake. Wanasema: "Kule Uvira maharagwe yaliiva mapema, mbona huku yanakawia?" Sababu ni mlima. Kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Uvira na Bujumbura ziko chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi joto 97 hivi. Bugendana, Gitega na Muyinga ziko juu ya mita 1,500, na maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 au pungufu kidogo. Huko Minembwe, juu ya mita 2,000, ni pungufu zaidi. Kwa hiyo nyama iliyoiva kwa saa mbili kando ya ziwa, hapa ipe saa mbili na nusu hadi tatu. Usiongeze moto, ongeza muda, na funika sufuria vizuri.

VITU VYA NDANI (pai 20):
- nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, kilo 1
- viazi ulaya, nusu kilo
- karoti 2
- vitunguu 3 vikubwa
- nyanya 4
- kitunguu saumu, punje 4, na tangawizi kidogo ikiwepo
- chumvi, vijiko vidogo 2
- pilipili manga, au pilipili ya kawaida kwa wanaoipenda
- mafuta, vijiko vikubwa 3
- unga wa ngano, vijiko vikubwa 2
- maji, vikombe 3

NAMNA YA KUPIKA:
Kwanza, kata nyama vipande vidogo vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Ifute maji, maana nyama yenye maji haikaangiki.

Pili, tia mafuta katika sufuria nzito, moto uwe mkali kwa muda huu tu. Kaanga nyama kidogo kidogo, kwa mafungu matatu, mpaka iwe na rangi ya kahawia. Ukitia yote mara moja itatoa maji na kujichemsha yenyewe. Rangi hiyo ndiyo ladha.

Tatu, toa nyama, kaanga vitunguu mpaka vilainike, tia kitunguu saumu, tangawizi na nyanya. Nyanya zikishavunjika, nyunyiza unga, koroga, rudisha nyama, tia chumvi na maji.

Nne, ikichemka, punguza moto. Ondoa kuni, bakiza makaa. Funika, na kama kifuniko hakikai vizuri weka jiwe juu yake. Angalia kila nusu saa kama maji hayajakauka.

Tano, baada ya saa mbili na nusu, bonyeza kipande kwa kijiko. Kikiachana chenyewe, nyama imeiva. Hapo tia viazi na karoti vilivyokatwa vidogo sana, pika dakika 20 zaidi mpaka mchuzi uwe mzito. Mchuzi mwepesi utalowesha unga na kuipasua pai.

3. KUOKOA KUNI KWA KIKAPU CHA JOTO

Saa tatu za moto ni nyingi kwa mtu anayehesabu kila kipande cha kuni. Kuna njia ya kuzipunguza. Chukua kikapu kikubwa au boksi gumu. Shindilia ndani nyasi kavu, majani makavu ya migomba au blanketi kuukuu, unene wa kiganja kila upande, chini na pembeni, uache shimo la sufuria katikati. Tengeneza na mto wa nyasi wa kufunika juu.

Chemsha nyama yako dakika 30 kwa kifuniko kilichofungwa. Bila kufunua, itumbukize sufuria katika shimo, funika kwa mto, uiache saa tatu au nne. Joto lililomo halina pa kutokea, nayo nyama inaendelea kuiva bila kuni hata moja. Kisha irudishe motoni, ichemke tena vizuri dakika 20 pamoja na viazi.

Zingatia mambo mawili. La kwanza, sufuria iwe imejaa karibu yote, kwa maana chakula kidogo hupoa upesi. Kwa hiyo ni heri familia mbili au tatu ziunganishe nyama zao katika sufuria moja kuliko kila moja kupika nusu kilo peke yake. La pili, ukifungua kikapu ukakuta sufuria ni vuguvugu tu, joto lake halikutosha na chakula hicho si salama kukilisha watu. Ukikuta ni moto wa kuunguza kidole, kazi imekwenda vizuri.

4. UNGA WA KUFUNGIA

Mapishi mengi ya pai yanadai siagi baridi na friji. Sisi tutatumia unga wa maji ya moto, ambao hauhitaji hivyo viwili.

Chukua unga wa ngano kilo 1, ule wengine wanauita farini. Changanya na chumvi vijiko vidogo 2. Katika sufuria ndogo chemsha maji kikombe kimoja na nusu pamoja na mafuta ya kupikia kikombe 1 (kikombe cha mililita 250). Ukipata mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa ni bora zaidi, kwa kuwa hukauka yakipoa na kuipa pai nguvu. Mimina katika unga ukikoroga kwa mwiko, kisha ukishavumilika mkononi kanda haraka mpaka ulainike. Ukiwa mkavu ongeza maji ya moto kijiko kimoja kimoja. Funika kwa kitambaa dakika 15.

Kwa nini maji ya moto? Kwa sababu yanapika sehemu ya unga, nao unashikamana na kusimama bila kupasuka. Unga wa ngano ukiwa ghali, sehemu moja kati ya tano inaweza kuwa unga wa muhogo uliolowekwa na kukaushwa vizuri. Ukizidisha hapo pai itavunjika.

Gawa madonge 20. Sukuma kila donge liwe duara la ukubwa wa sahani ndogo ya chai. Chupa safi inatosha kusukumia. Weka vijiko viwili vikubwa vya nyama ILIYOPOA upande mmoja, pakaa maji ukingoni, kunja, bana kwa uma au vidole. Toboa tundu dogo juu ili mvuke utoke. Nyama ikiwekwa ya moto, mafuta ya unga yanayeyuka na pai inafunguka.

5. KUOKA BILA TANURI: KUPALIA MOTO

Watu wa pwani, tangu Lamu hadi Zanzibar, wamekuwa wakioka mikate yao kwa makaa ya chini na makaa ya juu. Wanaita kupalia moto. Njia hiyo inafaa kabisa kwa mbabula zetu.

Tafuta sufuria pana na nzito yenye kifuniko bapa cha chuma. Tandaza ndani mchanga mkavu na safi, unene wa kidole, na juu yake weka vijiwe vitatu vya kubeba sahani ya bati. Funika, pasha dakika 15. Kisha panga pai kwenye sahani hiyo zisigusane, funika, na ugawe makaa hivi: sehemu moja chini, sehemu mbili juu ya kifuniko. Joto la chini likizidi, pai inaungua tumbo kabla ya mgongo kuiva. Baada ya dakika 40 funua. Rangi iwe ya kahawia, na ukiigonga kwa kucha isikike kavu. Vunja moja: mvuke wa moto utoke ndani.

Asiye na sufuria ya namna hiyo anaweza kukaanga katika mafuta kama sambusa, lakini mafuta yatatumika mengi zaidi.

Onyo: fanya kazi hii nje. Nyumba zetu nyingi zina mahema na nyasi, na kaa moja linatosha kuteketeza safu nzima. Wala usiingize mbabula yenye makaa chumbani kwa ajili ya kujipasha joto usiku. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wamelala wasiamke.

6. USALAMA, NA HESABU YA MWENYE KUUZA

Nyama inunuliwe mahali ambapo daktari wa mifugo amepima mnyama. Usinunue nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe, hata ikiwa ya bei ya chini sana. Kimeta huua watu kwa njia hiyo. Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa iliingia katika ng'ombe wa Burundi, na ugonjwa huo pia humpata binadamu anayegusa damu na nyama mbichi ya mnyama mgonjwa.

Nyama iliyopikwa isikae zaidi ya saa mbili ikiwa vuguvugu. Ukitaka ipoe upesi, imwage katika sinia pana, au weka sufuria katika beseni la maji baridi ukikoroga. Baridi ya usiku ya mwezi wa saba hapa mlimani si friji. Pika asubuhi, funga mchana, oka na uuze jioni hiyo hiyo. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukanda na kila baada ya kutoka chooni, maana kipindupindu hakiulizi kama umefunga biashara au umefungua.

Sasa hesabu. Wengi wanapanga bei kwa kumwangalia jirani. Afadhali uandike kila kitu: nyama, unga, mafuta, mboga, makaa, nauli. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, jumla ni faranga 40,000 na pai ni 20. Kila moja imekugharimu 2,000. Ukiuza kwa 2,000 huna faida hata zikiisha zote. Na je, tatu zikipasuka au zikikosa mnunuzi? Utauza 17, utapata 34,000, umepoteza 6,000 za kikundi. Ukiuza kwa 2,500, zile 17 zinaleta 42,500: mtaji umerudi na 2,500 imebaki. Zikiisha zote 20 unapata 50,000. Kwa hiyo bei ihesabiwe kwa pai unazotarajia kuuza, si kwa zile ulizofinyanga. Bei hiyo ikiwa ngumu kwa wanunuzi wako, usipunguze usafi wala muda wa kupika. Punguza nyama hadi nusu kilo, ongeza viazi, na uwaambie watu wazi kilichomo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI
1. Kwa nini nyama ya shingo inafaa kwa pai kuliko nyama laini?
2. Mtu aliyehama kutoka Uvira kuja Muyinga abadilishe nini katika kupika, na kwa sababu gani?
3. Katika mtaa wenu, ni familia zipi zinazoweza kuunganisha sufuria moja na kikapu kimoja cha joto? Nani atachunga moto?
4. Kikundi kina faranga 30,000 na kinatarajia pai 15, lakini mbili huharibika kila mara. Bei ipi haitaleta hasara? (Gawa 30,000 kwa 13: isiwe chini ya 2,308.)
5. Ni mzee gani au mgonjwa gani karibu nanyi ambaye hajala nyama laini kwa muda mrefu?

Swali la tano lisijibiwe kwa maneno. Lijibiwe kwa pai mbili zilizofunikwa kwa kitambaa safi, zikipelekwa zingali moto.

Mungu awabariki katika nyumba zenu.